Muravumba wa Lupango

Nani kati yetu aliyekulia Bukavu ambaye hakunusishwa muravumba akiwa mtoto? Mafua yakishika, mama alimtuma mmoja nyuma ya nyumba kukata majani, akayaponda mkononi, na ile harufu kali ikapasua pua. Wengine siye tulinyweshwa kabisa, na uchungu wake hatujausahau. Tunauandikia mti huu kwa sababu unakwisha mjini.

Muravumba ni kichaka kinachoweza kupita mita 2, chenye majani ya manyoya laini. Ni wa ukoo wa nanaa, ndugu yake lumbalumba ambayo watu wa Kinshasa wanatia katika samaki. Wakati wa kiangazi unapukutisha majani, kisha unajaa maua madogo, meupe au ya zambarau hafifu. Rwanda na Burundi wanauita umuravumba. Wataalamu wa Ulaya waliupa jina la Moschosma riparium mwaka wa 1845, kisha Iboza riparia, na mwaka wa 1983 Codd, mtaalamu wa Afrika Kusini, akauweka kuwa Tetradenia riparia. Majina matatu, na bamama wa Kabare hawakuulizwa hata mara moja!

Mwaka wa 1986 Van Puyvelde na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Butare, Rwanda, walitangaza dawa waliyoitoa katika majani yake, yenye kuua vijidudu. Tulifurahi kusoma hivyo. Lakini kazi ya maabara si kikombe cha nyumbani, na mtoto mwenye homa ya maralia apelekwe hospitali, asingojee majani.

Basi tuje kwenye upandaji, maana ndipo historia yenyewe ilipo. Muravumba haupandwi kwa mbegu kwetu. Mvua za mwezi wa 9 zikianza, unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika. Kwa hiyo ulifaa sana kwa lupango: unazunguka nyumba, unashika udongo wa milima yetu usiteremke, na dawa iko mlangoni. Hakuna aliyeununua. Uliomba tawi kwa jirani, na jirani hakukunyima. Wazee wanatuambia kwamba watu waliotoka Kabare na Walungu kuja kuishi Kadutu na Bagira walifika na matawi ndani ya mizigo yao.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Muravumba dume na muravumba jike ni miti miwili mbalimbali. Lupango yote iliyotokana na matawi ya mti mmoja ni ya jinsia moja tu. Kama mwenzake hayuko karibu, maua yanatoka lakini mbegu hakuna. Maana yake, mjini mti huu unaishi paka kwa mkono wa mtu. Mkono ukiacha kutoa, hauna njia nyingine.

Na mikono imeacha. Tangu vita vya 1996 watu wengi walikimbia vijiji wakaja Bukavu. Parseli moja ikakatwa mbili, tatu, nne. Pale palipokuwa lupango ya miti sasa pana ukuta wa matofali au mabati, kwa sababu ya wezi na kwa sababu kila hatua ya ardhi ina bei. Hatuwalaumu, hata siye tumejenga ukuta.

Tulipotaka kuupanda kwenye uwanja wa chama chetu, tulizunguka Kadutu siku nzima tukarudi mikono mitupu. Tuliupata Kabare, kwa mama mzee aliyekataa pesa, akatukatia matawi manne. Matatu yameshika. Kiangazi yakitoa maua tutajua kama ni dume au jike, kisha tutatafuta mwenzake. Wewe msomaji, kama nyuma ya nyumba yako ungali umesimama mmoja, tunaomba tawi.