Mimea inayolea viwavi wa vipepeo katika bustani za kusini mwa Marekani

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kuanzia Texas hadi Florida, kumezuka desturi ya kutenga sehemu ya ua wa nyumba kwa ajili ya vipepeo. Wengi huanza kwa kupanda maua, na hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Ua humpa kipepeo mpevu kinywaji, lakini halimpi mahali pa kuzalia. Jike aliye tayari kutaga hutafuta jani, tena si jani lolote. Aina nyingi za vipepeo hutaga juu ya mimea ya jamii moja au chache tu, kwa kuwa viwavi wao wamezoea sumu za majani hayo na si za mengine. Kichaka cha budlea, kilicholetwa kutoka China na kupendwa sana na wauza miche, hufurika vipepeo wakati wa kiangazi. Lakini ukifunua majani yake, ni nadra kumkuta kiwavi.

Mmea anaolelewa kiwavi wataalamu huuita mmea mwenyeji. Ni tafsiri ya moja kwa moja, na mwandishi wa makala haya hajapata iliyo bora zaidi, ingawa inachekesha kidogo: kwetu mwenyeji humlisha mgeni, ilhali hapa mwenyeji ndiye chakula chenyewe. Mgeni naye, hata siku ya tatu ikifika, hashiki jembe.

Mfano unaoonyesha vyema uzito wa jambo hili ni wa kipepeo mdogo wa kusini-mashariki mwa Florida aitwaye atala. Ni mweusi, mwenye tumbo jekundu na madoa ya buluu yanayometameta. Viwavi wake, wekundu wenye madoa ya manjano, hula majani ya mmea mmoja wa asili wa huko, kunti, ambao ni wa kundi moja na mtapo unaoota katika pwani ya Afrika Mashariki. Kama mtapo, kunti una sumu kali, na kiwavi huihifadhi mwilini mwake ili ndege wamwogope. Wenyeji asilia wa Florida walijua kuiondoa sumu hiyo kwa kuponda shina na kuliosha mara nyingi, wakapata unga. Walowezi wakajifunza kwao, kisha wakajenga viwanda vya wanga katika eneo la Miami. Mmea huu hukua polepole mno; uling'olewa kwa wingi kuliko ulivyoweza kuota upya, na misitu yake ikakatwa kupisha mji. Tangu mwaka 1937 hadi 1959 iliaminika kuwa atala ametoweka kabisa Florida.

Hakutoweka. Makundi machache yalikuwa yamesalia, na kilichomrudisha mitaani ni bustani. Kunti hustahimili ukame na hauhitaji matunzo mengi, basi ulipoanza kupandwa kando ya njia na mbele ya nyumba kama pambo, atala aliufuata. Siku hizi wapo wauza miche wanaomlalamikia kwamba anawamalizia majani. Yaani kiumbe aliyehesabiwa kuwa wafu sasa anashtakiwa kwa ulafi.

Kisa cha monaki, kipepeo mkubwa wa rangi ya chungwa na mistari myeusi, hakijafikia mwisho mwema kama huo. Kila majira ya vuli monaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini husafiri maelfu ya kilomita kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini, wakipitia Texas, hadi kwenye misitu ya milimani katikati mwa Mexico, ambako hujikusanya juu ya miti kwa wingi usiohesabika. Ndiyo maana hupimwa kwa eneo la msitu wanalolifunika: hekta 18 hivi katika majira ya baridi ya 1996–1997, na hekta 0.67 tu mwaka 2013–2014. Mwezi Desemba 2024 idara ya wanyamapori ya serikali ya Marekani ilipendekeza aorodheshwe miongoni mwa viumbe walio hatarini.

Wanaporejea majira ya kuchipua, hutaga mayai ya kwanza ya mwaka huko kusini, na kiwavi wa monaki hula asklepiasi pekee, yaani mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa. Hapo bustani za Texas na Louisiana huwa na kazi kubwa. Lakini asklepiasi inayopatikana kwa urahisi madukani ni ile ya kitropiki, yenye maua mekundu na manjano, ambayo hata Afrika Mashariki huota ovyo kandokando ya njia. Asklepiasi za asili za kusini hunyauka msimu wa baridi. Hii ya kitropiki, pale ambapo baridi si kali, hubaki na majani mwaka mzima. Baadhi ya monaki huacha kusafiri na kuendelea kuzaliana papo hapo. Ndipo kimelea kimoja kisichoonekana kwa macho hupata nafasi. Chembe zake hudondoka kutoka mwilini mwa kipepeo mgonjwa hadi juu ya jani na mayai, kiwavi akazila, na kizazi baada ya kizazi jani lile lile huzidi kuchafuka. Kipepeo aliyeathirika sana hutoka na mabawa yaliyokunjamana, asiweze kuruka. Aliyeupanda mmea huo alidhamiria mema tu.

Mimea mingine haina utata kiasi hicho. Pasheni wa mwituni huwalea vipepeo wa aina kadhaa, akiwemo yule mwenye milia kama ya punda milia ambaye tangu 1996 ni kipepeo rasmi wa jimbo la Florida. Shamari na kotimiri humvutia kipepeo mweusi mwenye mikia. Mchungwa na mlimau hushambuliwa na kiwavi anayefanana kabisa na kinyesi cha ndege; mkulima wa Tanga au Machakos atamtambua mara moja, kwani kipepeo wa michungwa wa Afrika Mashariki ni wa ukoo huo huo na huanza maisha yake kwa hila hiyo hiyo.

Kwa msikilizaji anayeishi katika majimbo hayo, au mwenye jamaa huko, ushauri unaotolewa ni huu. Muuzaji aulizwe kama mche umewekewa dawa ya wadudu, kwa kuwa zipo dawa zinazoingia ndani ya jani na kumuua kiwavi wiki kadhaa baadaye. Zipandwe asklepiasi za asili zinazofaa eneo husika. Aliyekwisha kupanda ile ya kitropiki aikate ifikapo Oktoba, ibaki sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na kila inapochipua aikate tena hadi Februari, kabla monaki hawajaanza kurudi kutoka Mexico.