Upande Mmoja wa Santuri

Zamani santuri ndiyo iliyosema basi. Miaka ya 1970, Black Star na Lucky Star wa Tanga walitoa santuri ndogo chini ya lebo ya Mzuri ya Mombasa: upande mmoja, dakika chache, nafasi imekwisha. Harusini taarabu hurefuka mpaka wanawake waache kumtunza mwimbaji. (Tasnifu yangu ya uzamili imekwama hapo.)

Nyumbani, Chumbageni, nilimrekodi bibi kwa simu akijiimbia jikoni. Hapana santuri, hapana wa kumtunza, na sasa bibi mwenyewe hayupo wa kuniambia inatosha. Kwenye kompyuta nina matoleo 14. Juzi nilifuta kikohozi chake kabla ya ubeti wa mwisho. Usiku nikakirudisha.