Mguu unaswe au uachwe huru?

BAISKELI za mitumba zinazofika kwetu Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo, mara nyingine huja na pedeli za ajabu: kijichuma kidogo mfano wa mtego wa panya, pa kukanyaga hapaonekani. Viatu vyake vimebaki Ulaya. Fundi huzing'oa akafunga pedeli bapa. Vijana wananiuliza, je, fundi anawapunja?

Ndugu msikilizaji, nawe unayesoma, tuanzie mbali kidogo. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vibano vya wachezaji wa kuteleza kwenye theluji, vinavyoshika kiatu na kukiachia mtu anapoanguka. Mwaka 1984 ikauhamishia ufundi huo kwenye baiskeli, na mwaka 1985 Bernard Hinault akazitumia kushinda mbio za kuizunguka Ufaransa. Kabla ya hapo wanambio walifunga miguu kwa kikuku cha chuma na mkanda. Aliyeanguka alianguka na baiskeli yake. Waingereza wakaziita pedeli "zisizo na kibano", ilhali ndizo zinazobana kuliko zote! Kilichoondolewa ni kile kikuku tu. Shimano ya Japani ikaleta za milimani mwaka 1990, chuma cha kunasa kikiwa kimefichwa ndani ya soli ili mtu aweze kutembea.

Faida ipo, tusiibeze. Mguu hauchomoki kwenye mashimo, na mpandaji hapotezi nguvu mlimani. Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, miguu yote ilikuwa imenaswa.

Lakini ili utoke sharti upindishe kisigino kwa nje. Hapo ndipo penye neno. Daladala likikukatia ghafla, ukasukumwa kwenye mchanga wa pembeni, mguu usiozoea utavuta juu, na wewe utakwenda chini ubavu. Mzee aliyebeba gunia la mkaa kwenye Phoenix, au kwenye Swala iliyoundwa hapa hapa Dar es Salaam na NABICO, alihitaji mguu uwahi ardhi. Raba za pedeli zilipokwisha alikanyaga ekseli tupu kwa kandambili, na safari ikaendelea.

Wala pedeli bapa si za maskini peke yao. Vijana wa Marin, California, walioshindana kuteremka mlima mwaka 1976, walitumia baiskeli nzito kuukuu, bila mtego wowote. Sam Hill wa Australia alikuwa bingwa wa dunia wa kuteremka mlima mwaka 2007 na 2010 kwa pedeli bapa, wapinzani wengi wakiwa wamenaswa.

Kwa hiyo mimi niko upande wa fundi. Anayetaka kujifunza zile nyingine atafute viatu kwanza, alegeze springi hadi mwisho, kisha afanyie mazoezi kwenye uwanja wa nyasi kabla ya kukutana na malori ya saruji ya Wazo Hill. Na fundi amrudishie mwenyewe zile alizong'oa. Ni mali yake.