Adenomiosisi: Kizazi Kitolewe kwa Hoja Ipi?

Thomas Cullen wa Johns Hopkins alipochapisha kitabu chake kuhusu ugonjwa huu mwaka 1908, alitegemea vizazi vilivyokwisha kutolewa. Katika adenomiosisi, tishu za utando wa ndani wa mfuko wa uzazi hupenya hadi kwenye msuli wake. Mfuko hutanuka, hedhi huwa nzito na yenye maumivu makali, na mwanamke huishiwa damu. Kwa miongo mingi hadubini pekee ndiyo iliyoweza kuuthibitisha, hivyo upasuaji ulikuwa kipimo na tiba kwa pamoja. Sababu hiyo imekwisha. Desturi iliyozaliwa nayo bado ipo.

Leo altrasaundi ya ukeni, mikononi mwa aliyefunzwa, huonyesha ukuta ulionenepa upande mmoja, vijifuko vya majimaji ndani ya msuli, na mpaka uliofifia kati ya msuli na utando. MRI husaidia penye shaka. Utambuzi huu una maana: ugonjwa ukidhaniwa kuwa fibroidi, yaani uvimbe wenye mpaka wake ndani ya msuli, daktari huingia kutafuta uvimbe wa kubandua, akakuta nyama isiyo na ganda wala mwisho.

Tiba inayostahili kutangulia, kwa maoni yangu, ndiyo isiyovutia kiteknolojia: kitanzi chenye miligramu 52 za levonogestreli. Homoni hiyo hufanya kazi palepale, ikaukondesha utando na kupunguza damu na maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, lakini kwenye kundi la uzazi wa mpango. Kikijulikana kwa jina hilo tu, mama aliyekwisha kufunga uzazi, au mtawa, ataonaje kuwa kinamhusu?

Kwa wasiofaa kitanzi ipo njia ya kuziba mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi, ambayo Jacques Ravina na wenzake wa Paris waliiripoti mwaka 1995 kwa wenye fibroidi. Katheta hupitishwa kwenye ateri ya paja au ya mkono, kisha chembe ndogo huachiliwa zizibe. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa na mafunzo ya tiba za katheta za aina hii tangu 2018, kwa hiyo si habari za ng'ambo tu. Hata hivyo dalili huweza kurudi, na usalama wake kwa anayetaka kushika mimba haujathibitika vya kutosha. Madaktari wa Chongqing, China, walikwenda mbali zaidi: huunguza tishu kwa mawimbi ya sauti bila kukata ngozi.

Upasuaji wa kuondoa sehemu yenye ugonjwa tu, kama ule wa Hisao Osada wa Japani unaojenga upya ukuta kwa tabaka tatu, nausifu kwa tahadhari. Kovu lake laweza kupasuka katika ujauzito, na anayeishi mbali na chumba cha upasuaji hubeba hatari kubwa zaidi kuliko mkazi wa Tokyo.

Hoja ya kwamba “ameshazaa wa kutosha” haitoshi kuhalalisha kisu. Dalili hizi kwa kawaida hukoma hedhi inapokoma. Mwanamke wa miaka 46 anahitaji tiba ya kumvusha miaka michache, na kitanzi kimoja hudumu mitano au zaidi.