Kuokoka, Kuongoka, Kuvunjika

Mkristo anaposimulia kwa Kiswahili siku maisha yake yalipopinduka, hukimbilia maneno machache yanayofanana mwisho: nimeokoka, nimeongoka, nimegeuka, nimevunjika. Yote yamebeba kiambishi kile kile, -k-, ambacho wanasarufi hukihesabu katika kauli ya kutendeka. Kauli hiyo hueleza hali iliyokipata kitu bila kumtaja aliyeisababisha. Kikombe kimevunjika. Mlango umefunguka. Mtu ameokoka. Nani kavunja, nani kafungua, nani kaokoa? Kitenzi kimenyamaza.

Nimeutafakari ukimya huo kwa muda mrefu, nami naamini umebeba teolojia nzima ya neema pamoja na hatari yake. Anayetaka kujua maana ya kunyenyekea mbele za Mungu baada ya wongofu mkubwa na aanzie hapo, kwenye mwisho wa kitenzi.

Kwanza wema wake. Katika msamiati wa imani yetu hakuna ushuhuda unaosema “nimejiokoa”. Mtu anaweza kujiokoa na moto au na wezi, lakini hakuna aliyesimama kanisani akatamka kwamba ameiokoa roho yake mwenyewe. Lugha imeifunga njia hiyo. Tazama pia jinsi nomino zilivyogawana kazi. Kutokana na okoa tumepata Mwokozi, lenye mwisho wa mtenda kazi kama mkombozi na mlezi. Kutokana na okoka tumepata wokovu, neno la upande wa anayepokea, kama ongoka lilivyotupa wongofu na nyenyekea likatupa unyenyekevu. Binadamu hupewa -vu na -fu, yaani sifa na hali. -Zi ya kuokoa amebaki nayo Mungu.

Kuongoka lina utajiri wa pekee. Ni ndugu wa ongoa, kunyoosha kilichopinda, na wa ongoza, kumtangulia mtu njiani. Waislamu nao hulitumia shina hili wanapozungumzia uongofu, ule mwongozo utokao kwa Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo aliyeongoka, kwa maana ya asili ya neno, ni mtu aliyenyooshwa na sasa anaongozwa. Nikisoma kisa cha Sauli katika Matendo ya Mitume, kinachosimuliwa humo mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26, naona maana hizo mbili zikikutana barabarani. Sauli alitoka Yerusalemu na barua za kuhani mkuu, akienda Dameski kuwafunga wafuasi wa Yesu na kuwaleta wakiwa wamefungwa. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. Nuru ikamzunguka, akaanguka chini, na alipoinuka hakuona kitu. Wenzake wakamshika mkono, wakamwingiza mjini kama mtu asiyejua njia. Kwa siku tatu hakuona, hakula, hakunywa.

Wahubiri wengi huishia kwenye ile nuru. Mimi huvutwa zaidi na kilichofuata. Sauti iliyomwangusha haikumweleza kila kitu pale pale. Ilimwagiza aingie mjini, ataambiwa huko yampasayo kutenda. Sehemu iliyobaki ya ujumbe alikuwa nayo Anania, mwanafunzi wa kawaida wa Dameski, mmoja wa wale wale ambao Sauli alikuja kuwakamata. Anania aliogopa, na alikuwa na sababu. Hata hivyo alikwenda mpaka nyumba ya mtu aitwaye Yuda, katika njia iitwayo Nyofu, akamwekea mikono yule adui na kumwita ndugu. Msomi aliyelelewa miguuni pa mwalimu Gamalieli ilimbidi apokee kuona kwake kutoka mikononi mwa mtu ambaye angekuwa mfungwa wake. Hapo ndipo somo la unyenyekevu lilipoanzia. Kuanguka mbele ya nuru ya mbinguni si kazi ngumu, kwa kuwa hakuna awezaye kusimama. Kazi ngumu ni kupokea msaada wa jirani uliyemdharau.

Afrika Mashariki tuna kisa chetu cha aina hiyo. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Mmisionari aliyekuja kufundisha akajikuta anajazwa nguvu akiwa bega kwa bega na Mwafrika. Baadaye Yosiya Kinuka, aliyewasimamia wahudumu Waafrika katika hospitali ya Gahini, alifika naye kwa Nsibambi na kumweleza matatizo ya kazini. Nsibambi hakumpa lawama za kuwapelekea wakubwa. Alimwambia kwamba shida ilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Akiwa njiani kurudi Rwanda, Kinuka alikata shauri kumpa Kristo maisha yake. Kama Sauli, aliongoka akiwa safarini; na kama Sauli, ilimlazimu amsikilize mtu mwingine.

Kutokana na moto wa kiroho uliowaka Gahini ulizuka Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940. Pamoja nao lilisafiri neno. Waganda waliwaita watu wa Uamsho huo balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalipokea: mlokole, walokole, ulokole. Mara nyingi lilitamkwa kwa kebehi. Mwaka 1941 wanafunzi walokole wa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, waliokuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, walifukuzwa chuoni. Walokole hao hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya Kanisa lililowaona kama kero, wakaendelea kukutana, kuimba wimbo wao wa Tukutendereza na kuungama. Jina walilopewa kwa dharau walilibeba bila kinyongo, na kwa kulibeba hivyo wakalipa heshima.

Sasa nije kwenye hatari ya ile -k-. Kauli ya kutendwa humpa mtenda nafasi: nimeokolewa na Yesu. Kauli ya kutendeka haimpi nafasi hiyo. Husemi “nimeokoka na Yesu” ukiwa na maana kwamba yeye ndiye aliyekuokoa. Kwa hiyo nimeokoka ni sentensi yenye kiti kitupu, na kiburi hupenda kuketi penye kiti kitupu. Neno lililozaliwa kumwondoa binadamu kwenye kazi ya kuokoa linaweza kugeuka cheo chake: mimi nimeokoka, wewe bado. Tumeyasikia haya katika familia zetu, shemeji na shemeji wasiokula pamoja, kijana anayemwona mama aliyemlea kwa sala kuwa hajui Mungu. Wongofu ulikuwa wa kweli. Kilichokosekana ni kumtaja aliyeutenda.

Wakati wa kitenzi nao umezua ubishi mkubwa kati yetu. Wako Wakristo wanaoshikilia kwamba hakuna kuokoka duniani. Wokovu utajulikana siku ya mwisho. Wako wanaojibu kwamba asiyeweza kusema ameokoka leo hana matumaini ya kesho. Tusikilize -me- inavyofanya kazi katika lugha yetu. Amelala, amesimama, ameketi: tendo limeshapita, na hali yake ingali inaendelea. Vivyo hivyo aliyeokoka yumo ndani ya hali, na hali huhitaji kutunzwa. Paulo mwenyewe, yule Sauli wa Dameski, katika barua zake anazungumzia wokovu kwa nyakati zote tatu, uliokwisha kutendeka, unaoendelea kutendeka na utakaotendeka. Anayeshika wakati mmoja tu kati ya hizo na kumpigia mwenzake kelele amepunguza habari njema.

Watu wa Uamsho walikuwa na dawa ya hatari ile ya kiburi, na waliiita kutembea nuruni. Katika mikutano yao ya ushirika mtu hakusimama kutaja tu siku aliyookoka miaka mingi iliyopita. Alieleza hasira ya juma lile, fedha aliyoificha, maneno makali aliyomtolea mke wake, na jinsi alivyorudi kwa Yesu kuomba kusafishwa. Palikuwa na nimeokoka, na kando yake palikuwa na hutubu, lile hu- la mazoea lisilo na tarehe. Kutubu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo kwa asili linahusu kurudi. Aliyeokoka jana bado ana njia ya kurudi leo. Bila safari hiyo ya kila siku, ushuhuda huwa kumbukumbu ya mtu aliyewahi kumhitaji Mungu.

Neno walilolipenda zaidi ni kuvunjika, nalo linataka uangalifu, kwa kuwa Kiswahili cha kila siku kinalo tayari kwa maana nyingine. Tukisema fulani amevunjika moyo, tunamaanisha amekata tamaa, ameacha. Katika Zaburi ya 51, sala inayohusishwa na Daudi baada ya nabii Nathani kumfichulia dhambi yake juu ya Bathsheba, watafsiri wa Biblia walitumia kitenzi hicho hicho na kukiongezea kupondeka. Lakini moyo wa Daudi haukuacha. Aliyekata tamaa humkimbia Mungu, aliyevunjika humkimbilia. Mwinjilisti Mwingereza Roy Hession alijifunza jambo hili kwa ndugu wa Uamsho na akaliandika katika The Calvary Road, kitabu kilichotoka mwaka 1950 na kuwafikia wasomaji wengi duniani. Mafundisho yaliyokomaa miongoni mwa Waafrika waliodharauliwa yakawa chakula cha makanisa ya Ulaya.

Mfano wa kuvunjika huko uko kwa Festo Kivengere, mwalimu kijana wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kupanda baiskeli na kwenda mbali mpaka kwa Mzungu aliyekuwa akimchukia, kumwomba msamaha. Aliyekuwa na madai halali dhidi ya ukoloni ndiye aliyekwenda kuungama chuki yake. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, akawa askofu wa Kigezi, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin, ilimbidi akimbie nchi. Akiwa uhamishoni alitoa kitabu kinachosema tangu jalada lake kwamba anampenda Amin. Hakuunyamazia uovu wa utawala ule. Alikataa kuuacha uovu huo uutawale moyo wake. Naona safari ile ya baiskeli ikiendelea: moyo uliokwisha kuvunjika kwa ajili ya adui mdogo ulikuwa na nafasi ya kumwombea adui mkubwa.

Limebaki kunyenyekea. Orodhesha maneno yetu ya kiburi uone yanavyoanza: kujivuna, kujiona, kujikweza, kujigamba, kujitapa, kujisifu. Karibu yote yana -ji-, kiambishi cha nafsi inayojirudia yenyewe, ikiwa mtenda na mtendwa kwa pamoja. Kiburi ni nafsi isiyokuwa na mwingine wa kumtendea. Ajabu ni kwamba -ji- hiyo hiyo imo katika kujinyenyekeza. Hatuwezi kujiokoa, lakini Maandiko yanatuagiza kujinyenyekeza, na hayaagizi jambo lisilowezekana. Hapa ndipo mahali ambapo nafsi imeruhusiwa kujitendea jambo mbele za Mungu, na jambo lenyewe ni kushuka. Paulo anapowaandikia Wafilipi katika sura ya 2, anamweka Kristo mwenyewe kuwa mtenda wa kitenzi hicho: alijinyenyekeza, akatii mpaka kufa msalabani. Mwokozi aliishika -ji- ya kushuka ili sisi tuiachilie ile ya kupanda.

Paulo alijifunza kushuka huko polepole. Jina lake la Kirumi lina maana ya mdogo katika Kilatini, naye alikua akielekea jina lake. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho anajiweka nyuma ya mitume wote. Kwa Waefeso anajiweka nyuma ya watakatifu wote. Katika ya kwanza kwa Timotheo anajitanguliza katika orodha moja tu, ya wenye dhambi. Ile nuru ya Dameski ilidumu dakika chache. Kushuka huko kulichukua maisha yake yote.

Kwa hiyo sitaki mtu yeyote aache kusema nimeokoka. Ni neno zuri, na walioteswa kwa ajili yake wametuachia deni la kulilinda. Ninaomba tu kwamba anayeshuhudia asiishie hapo. Aendelee, aseme: Yesu ameniokoa. Kisha azitazame silabi alizotamka. Katika ni-me-okoka, mimi nimekaa mwanzoni, mahali pa mtenda, ingawa sikutenda lolote. Katika a-me-ni-okoa, mwanzo ameushika Yeye, nami nimesogezwa katikati ya kitenzi, mahali pa anayetendewa. Hapo ndipo mahali pangu halali mbele za Mungu. Mwongofu anayejifunza kukaa hapo, nyumbani kwake, kazini na kanisani, atakuwa ameelewa kilichompata siku alipoanguka.