Baiti Nne za Mwanzo

Mwezi wa Oktoba 1986, njia ya mawasiliano iliyounganisha Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, majirani waliotenganishwa na yadi 400, ilisongwa na pakiti hata kasi yake ikaporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Utafiti uliofuatia msiba huo ndio uliozaa tcpdump, programu ambayo Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne waliiandika mnamo 1988 ili inase kila pakiti ipitayo wayani na kuionyesha mstari kwa mstari kwenye kioo. Na kwa kuwa kompyuta za zama zile zilikuwa na nafasi haba, ilichukua kwa kawaida baiti 68 za mwanzo wa pakiti na kuyaacha yaliyobaki, mfano wa tarishi asomaye anwani ya bahasha bila ya kuigusa barua.

Mwaka 1998 Gerald Combs akatoa Ethereal, programu nyingine ya kunasa na kufasiri pakiti, iliyopewa jina la Wireshark mwaka 2006, na watumiaji wa Windows wakapata WinPcap, kiungo cha kunasia pakiti, kutoka Politecnico di Torino, Italia.

Si insafu kuwadharau wanaotumia matoleo ya kale ya programu hizo hata leo. Aghalabu kompyuta ya Windows XP iliyofungamana na mtambo wa kiwanda haibadilishiki, maadamu programu iuendeshayo mtambo ule haikuandikwa kwa mfumo mwingine. Basi fundi atakaye kujua kwa nini mtambo haujibu hana budi kurejea Wireshark 1.10, tawi la mwisho lililoikubali XP, pamoja na WinPcap ambayo toleo lake la mwisho ni la 2013. Hatari ipo, wala siifichi: sehemu zinazofasiri pakiti katika matoleo ya kale zina nyufa ambazo pakiti moja iliyotungwa kwa hila yaweza kuzipenya na kuiangusha programu nzima. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kunasa huku na kufasiri kule, yaani faili ya pakiti zilizonaswa ichukuliwe kwenye kompyuta mpya ndipo isomwe.

Nayo husomeka. Zitazame baiti nne za mwanzo wa faili ya muundo wa pcap: kompyuta ya Sun yenye kichakataji cha SPARC iliandika a1 b2 c3 d4, ilhali ya Intel, ambayo hutanguliza baiti ya thamani ndogo, huandika d4 c3 b2 a1, na programu inayosoma, ikiikuta namba hiyo imepinduka, hufahamu papo hapo kwamba namba zote za dibaji nazo zahitaji kupinduliwa. Dibaji yenyewe ni baiti 24 tu. Ikiisha, pakiti ya kwanza hujitokeza na wakati wake, sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970, vilevile kama ilivyonaswa siku ile.