Mto Kuparuk na Subira ya Watafiti

Mwaka 1974 ilijengwa barabara ya changarawe hadi Prudhoe Bay, kaskazini kabisa mwa Alaska, kwa ajili ya ujenzi wa bomba la mafuta. Ilikatiza nyika ambayo ardhi yake ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Mwaka uliofuata watafiti walipita njia hiyo hiyo, wakapiga kambi kando ya ziwa Toolik. Wainupiat walivua na kuwinda katika nchi hiyo tangu enzi na enzi. Kwa wanasayansi, ndio kwanza mito na maziwa yake yalifikika kwa gari.

Maji ya huko ni maskini wa rutuba, kwa kuwa sehemu kubwa ya rutuba imefungwa ndani ya udongo ulioganda. Udongo huo ukiyeyuka, mito itakuwaje? Ili kupata jibu, mwaka 1983 mtafiti Bruce Peterson na wenzake walianza kudondosha fosforasi, aina ya rutuba, katika kipande cha mto Kuparuk kila kiangazi, wakikilinganisha na kile cha juu yake kisichotiwa kitu.

Miaka ya mwanzo ilileta neema: mwani ulistawi juu ya mawe na samaki wakakua haraka. Lau kazi ingekoma hapo, tungeamini kwamba rutuba ni faida tupu. Baada ya miaka kama minane, mimea midogo ya kijani, ile inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, ilifunika sakafu ya mto. Baadhi ya wadudu walipungua, wengine wakaongezeka. Mto ukawa mwingine.

Mwaka 1987 kambi ya Toolik iliingizwa katika mtandao wa Marekani wa utafiti wa muda mrefu, na vipimo vikaendelea. Faida ya vipimo hivyo ilionekana mwaka 2003, ardhi iliyoyeyuka ilipoporomoka kando ya mto Toolik. Bonde dogo lisilofika kilomita ya mraba 1 lilimwaga mtoni tope jingi kuliko lile ambalo bonde la juu la Kuparuk, lenye kilomita za mraba 132, hutoa kwa miaka 18. Ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu kumbukumbu zilikuwepo.

Mwaka usiopimwa haurudi, hata kwa fedha nyingi kiasi gani. Ndiyo maana vipimo hivi vinastahili kulipiwa hata katika miaka isiyo na habari kubwa: bila vipimo hivyo, habari kubwa ikija hatutaitambua.